Naitreti Katika Maji ya Kisima: Kihisi Kinasema Nini, na Mtumiaji Aulize Nini

Wakazi wengi wa Wilaya ya Kilosa huyapima maji ya kunywa kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Maji yakiwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha ya chumvi, huhesabiwa kuwa mema. Kipimo hicho tulichorithi kwa wazee kina maana yake: tope, harufu ya uozo na chumvi ni dalili za kweli, na mwenye kuzizingatia hujiepusha na madhara mengi. Hata hivyo, yapo mambo yaliyoyeyuka ndani ya maji ambayo macho, pua na ulimi haviwezi kuyagundua. Mojawapo ni naitreti. Maji yenye naitreti mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa hayatofautiani, kwa sura wala kwa ladha, na maji yasiyo nayo.

Siku hizi vipo vifaa vidogo vya mkononi, viitwavyo vihisi vya kielektrokemia, vinavyoweza kukadiria naitreti papo hapo kisimani kwa muda wa dakika chache. Mtumiaji anaweza kukutana na kifaa hicho mikononi mwa fundi wa maji, mchimba visima, mtafiti au muuza mitambo ya kuchuja maji. Tumeandika makala hii ili mtumiaji wa Kilosa na Mikumi ajue kifaa hicho kinaona nini, hakioni nini, na aulize maswali gani kabla ya kuiamini namba iliyo kwenye kioo chake. Namba isiyoeleweka humdhuru mtu kwa njia mbili. Huweza kumtuliza asipostahili kutulia. Na huweza kumtisha hadi akakiacha kisima chema na kurudi kuteka maji ya mto.

Naitreti ni nini, na huingiaje kisimani

Naitreti ni muungano wa naitrojeni na oksijeni. Ni chakula cha mimea, na kwa kiasi kidogo ipo katika maji mengi ya asili. Tatizo huanza inapozidi, na mara nyingi huzidi kwa sababu ya shughuli za binadamu.

Chanzo cha kwanza ni choo. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni nyingi. Vinapooza ndani ya shimo, bakteria wa udongoni huigeuza naitrojeni hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa naitreti. Chanzo cha pili ni samadi, hasa mahali ambapo mifugo hulazwa pamoja kwa miaka mingi. Chanzo cha tatu ni mbolea za viwandani. Mfuko wa urea, kwa mfano, una asilimia 46 ya naitrojeni. Sehemu ambayo mmea haukuitwaa hugeuka naitreti na kusubiri mvua.

Mvua ndiyo huibeba. Chembe za udongo wa mfinyanzi kwa kawaida zina chaji hasi ya umeme, na naitreti nayo ina chaji hasi. Kwa hiyo udongo hauishiki. Maji yanaposhuka ardhini, naitreti hushuka nayo mpaka kwenye maji ya chini. Ndiyo maana udongo unaoweza kuwachuja vijidudu kwa kiasi fulani hauwezi kuichuja naitreti.

Mtu akiitazama Wilaya ya Kilosa kwa mtazamo huu, ataviona vyanzo vyote vitatu. Katika bonde la Mto Mkondoa, nyumba na vyoo vya shimo vimekaribiana na visima vifupi. Katika uwanda wa Mkata wapo wafugaji na mazizi yao. Upande wa kusini, kuanzia Ruhembe na Kidodi kuelekea Ruaha, kuna mashamba ya miwa yanayotumia mbolea. Mji wa Mikumi, uliokua kandokando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, una nyumba za wageni na sehemu za kula zinazohudumia wasafiri wengi, na kila moja ina shimo lake la majitaka. Hatusemi kwamba visima vya maeneo hayo vimechafuka. Tunasema kwamba hali zinazoweza kuvichafua zipo, na kwamba hakuna njia ya kujua isipokuwa kupima.

Nchini mwetu jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 1996 mtafiti Hudson Nkotagu alichapisha uchunguzi wake juu ya maji ya ardhini ya eneo la Dodoma, ambako kiwango cha naitreti kilikuwa kikubwa, naye alikihusisha na majitaka ya watu. Maji yale yalikuwa ya chini ya ardhi, kama yalivyo maji ya visima vyetu. Kutoonekana kwa uchafu juu ya ardhi hakukuyakinga.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga

Kwa mtu mzima mwenye afya, naitreti iliyozidi kidogo kwa muda mfupi aghalabu haileti dalili yoyote. Hali ni tofauti kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Tumboni mwa mtoto huyo asidi haijawa kali, na bakteria huweza kuigeuza naitreti kuwa naitraiti. Naitraiti ikiingia katika damu huibadilisha himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikawa haiwezi tena kuifikisha mwilini inavyopasa. Mwili wa mtu mzima una kimeng'enya cha kuirudisha himoglobini katika hali yake. Mtoto mchanga anacho kidogo. Akiwa na ugonjwa wa kuhara, hatari huongezeka.

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliobadilika rangi baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani yenye naitreti nyingi. Tangu hapo madaktari duniani wameutambua ugonjwa huo. Dalili yake kuu ni midomo, ulimi, fizi na kucha kuwa na rangi ya buluu au kijivu. Mtoto hupumua kwa shida, hulegea au husinzia kupita kawaida. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi mabadiliko ya ngozi ni vigumu kuonekana, kwa hiyo mzazi atazame ndani ya midomo na kwenye kucha. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kungoja kipimo chochote cha maji, na mhudumu aelezwe mtoto amekuwa akinywa maji gani. Ugonjwa huo una tiba ukiwahiwa.

Kwa msingi huo Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya kunywa, EAS 12, kimeweka miligramu 45 kwa lita. Katika makala hii tutaitumia namba 45.

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kama wataalamu wa afya wanavyoshauri, amekingwa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa naitreti aliyoinywa mama hupita kwa kiasi kidogo tu kwenye maziwa yake. Aliye hatarini ni yule anayepewa maziwa ya kopo, uji au maji ya kunywa yaliyotoka kisima kisichopimwa.

Kuchemsha hakuiondoi naitreti

Kila mama ameelimishwa kuchemsha maji ya mtoto, na elimu hiyo ni sahihi: kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini naitreti si kijidudu. Haifi kwa moto, wala haipandi na mvuke; maji yanapopungua, yenyewe hubaki sufuriani.

Tuchukue mfano. Mama ametia sufuriani lita 4 za maji yenye naitreti miligramu 40 kwa lita, kiasi kilicho chini ya ukomo. Ameyaacha yatokote kwa muda mrefu mpaka yakabaki lita 3. Naitreti ile ile sasa imo ndani ya maji machache zaidi, na kila lita ina takribani miligramu 53. Maji yaliyokuwa ndani ya kiwango yamevuka kiwango mekoni. Kwa sababu hiyo maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri, kisha yaepuliwe. Yasiachwe jikoni yakipungua.

Dawa ya klorini nayo haiiondoi naitreti. Hali kadhalika kitambaa cha kuchujia, chujio la mchanga la nyumbani, mkaa, na kuyaanika maji juani ndani ya chupa. Njia zinazoweza kuiondoa ni mitambo maalumu inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ile inayobadilishana ioni, na kukusanya mvuke wa maji uliopoozwa. Njia hizo ni ghali na huhitaji matunzo. Kwa kaya nyingi ni nafuu zaidi kumtafutia mtoto maji mengine kuliko kuyasafisha yale ya kisimani.

Kihisi huionaje naitreti

Kihisi cha kawaida cha naitreti kina sehemu mbili zinazotumbukizwa majini pamoja. Ya kwanza ni elektrodi ya kupimia, ambayo ncha yake imezibwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Ndani ya plastiki hiyo imechanganywa kemikali inayoipokea ioni ya naitreti kwa wepesi kuliko ioni nyingi nyingine. Ya pili ni elektrodi ya rejea, ambayo umeme wake hubaki vilevile hata maji yakibadilika. Kwa kuwa naitreti ina chaji hasi, kiasi chake katika maji huamua tofauti ndogo ya umeme inayojitokeza kwenye utando. Kifaa huisoma tofauti hiyo kwa milivolti, yaani sehemu ya elfu ya volti, kisha hukokotoa miligramu kwa lita.

Kanuni inayounganisha umeme huo na kiasi cha kitu kilichoyeyuka ilielezwa na mwanakemia wa Ujerumani, Walther Nernst, mwaka 1889. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, naitreti ikiongezeka mara kumi, umeme hubadilika kwa takribani milivolti 59. Elektrodi halisi hukaribia namba hiyo bila kuifikia kamili.

Mtumiaji anapaswa kulifahamu jambo moja katika kanuni hiyo: umeme haupandi sawa kwa sawa na naitreti. Tuseme elektrodi inasoma milivolti 200 katika maji yenye miligramu 10, na milivolti 143 katika maji yenye miligramu 100. Ikisoma katikati ya namba hizo mbili, naitreti haiwi 55, bali ni takribani 32. Matokeo yake ni kwamba kosa dogo la umeme huzaa kosa kubwa la namba. Kwa elektrodi hiyo, kupotoka milivolti 5 tu hutosha kuifanya namba 40 isomeke karibu 49. Maji yaliyo ndani ya kiwango yataonekana yamekivuka, au kinyume chake.

Ipo pia aina nyingine ya kihisi, ambayo hupeleka umeme kidogo majini kupitia elektrodi, mara nyingi ya shaba. Naitreti inapogeuzwa kuwa kitu kingine juu ya shaba hiyo, mkondo wa umeme hupita. Naitreti ikiwa nyingi, mkondo huwa mkubwa. Aina hii nayo hutaka usafi wa elektrodi na uangalifu wa mpimaji.

Mambo yanayokipotosha kihisi

Kifaa kizuri katika mikono mizembe hutoa namba mbaya. Mambo manne hukipotosha mara kwa mara.

La kwanza ni kutosawazishwa. Utando huchakaa na hubadilika siku hadi siku. Kabla ya kupima, mpimaji anapaswa kukitumbukiza kifaa katika vimiminika angalau viwili ambavyo kiasi chake cha naitreti kinajulikana, kimoja chenye kidogo na kingine chenye kingi, ili kifaa kijifunze upya. Kazi hiyo ifanyike siku ile ile ya kupima.

La pili ni chumvi. Utando huipokea naitreti kwa wepesi, lakini haukatai kabisa ioni nyingine. Kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, huweza kuonekana kama naitreti ikiwa nyingi. Katika kisima chenye maji ya chumvichumvi, kihisi huweza kuongeza miligramu kadhaa ambazo hazipo.

La tatu ni joto. Maji yaliyotoka kisimani asubuhi na vimiminika vya kusawazishia vilivyokaa garini mchana kutwa havina joto moja. Vyote viachwe vilingane, au kifaa kiwe na namna ya kurekebisha joto.

La nne ni haraka na uchafu. Utando uliokauka unahitaji kulowekwa kabla ya kazi, ncha isuuzwe kati ya sampuli moja na nyingine, na namba isisomwe mpaka itulie.

Namba mbili kwa maji yale yale

Hapa ndipo watumiaji wengi huweza kupotea, hata kama kihisi ni kizima na mpimaji ni mwangalifu. Vifaa na maabara huandika naitreti kwa njia mbili. Njia ya kwanza huihesabu naitreti nzima, nayo huandikwa NO₃. Njia ya pili huhesabu naitrojeni peke yake iliyomo ndani ya naitreti, nayo huandikwa NO₃-N. Miligramu 1 ya njia ya pili ni sawa na miligramu 4.43 za njia ya kwanza.

Kwa hiyo ukomo wa 45 kwa njia ya kwanza ni takribani 10 kwa njia ya pili. Kifaa kikionyesha 20 kwa NO₃, maji yako chini ya nusu ya ukomo. Kikionyesha 20 kwa NO₃-N, maji hayo yana miligramu 89 za naitreti, karibu mara mbili ya ukomo, na hayafai kwa mtoto mchanga. Namba ni moja, lakini maana zimepishana. Mtumiaji asipokee namba isiyo na kipimo chake, na akiwa na shaka aombe iandikwe kwenye karatasi pamoja na alama hizo.

Vifaa visivyopima naitreti

Si kila kifaa kinachotumbukizwa majini na kuonyesha namba ni kihisi cha naitreti. Kalamu ndogo zenye herufi TDS huuzwa kwa bei nafuu. Kalamu hiyo hupima wepesi wa maji kupitisha umeme, na kutokana na hapo hukadiria jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka, iwe ni chokaa, chumvi au kinginecho. Haiwezi kusema kilichoyeyuka ni kipi. Maji yenye namba kubwa ya TDS huweza kuwa na chokaa isiyodhuru, na yenye namba ndogo huweza kuwa na naitreti iliyozidi.

Tunawatahadharisha pia watumiaji juu ya onyesho linalofanywa na baadhi ya wauzaji wa mitambo ya kuchuja maji sehemu mbalimbali duniani. Muuzaji hutumbukiza vijiti vya chuma vilivyounganishwa na umeme katika glasi ya maji ya mteja, na punde maji hugeuka ya kahawia na kutoa mapovu na mashapo. Uchafu huo haukutoka katika maji. Umetoka katika vijiti vyenyewe, ambavyo chuma chake huliwa na umeme na kuwa kutu. Glasi ya pili, ya maji yaliyochujwa na mtambo wake, haibadiliki kwa sababu haina madini ya kutosha ya kupitisha umeme. Onyesho hilo halithibitishi lolote juu ya naitreti, vijidudu wala usalama wa maji.

Vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kuwa ya waridi au zambarau ni jambo jingine. Hivyo, vikiwa vimeandikwa kuwa ni vya naitreti na havijapitwa na muda, hutoa makadirio ya kweli, ingawa si ya namba kamili. Hufaa kwa upimaji wa awali.

Maswali ya kumuuliza mpimaji

Mtumiaji ana haki ya kuelewa kipimo cha maji anayoyanywa. Tunashauri aulize maswali yafuatayo, na majibu yake yaandikwe:

1. Kifaa hiki kinapima naitreti yenyewe, au jumla ya vitu vilivyoyeyuka?
2. Namba hii ni ya NO₃ au ya NO₃-N?
3. Kifaa kilisawazishwa lini, na kwa vimiminika vya viwango gani?
4. Maji haya yana chumvi kiasi gani, na je, chumvi hiyo imezingatiwa?
5. Sampuli imetekwa wapi: kisimani, kwenye tangi au kwenye ndoo ya nyumbani?
6. Kipimo kimerudiwa, na namba zimekaribiana?
7. Ikiwa namba iko karibu na ukomo au imeuvuka, sampuli itathibitishwa na maabara gani?

Mpimaji mwenye ujuzi hatachukizwa na maswali haya. Asiyeweza kujibu la kwanza na la pili, namba yake isitumike kufanya uamuzi wowote.

Wakati wa kupima

Namba ya siku moja haitoshi kukieleza kisima. Mvua za mwanzo huweza kuishusha ardhini naitreti iliyojikusanya kiangazi chote, na masika huyapandisha maji ya ardhini yakakaribia mashimo ya vyoo. Kisima kifupi kipimwe angalau mara mbili: mwishoni mwa kiangazi na baada ya masika. Kipimwe tena baada ya mafuriko. Wakazi wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi. Maji ya namna hiyo hupita juu ya vyoo na visima bila kubagua, na kisima kilichofunikwa nayo huhitaji kupimwa naitreti na vijidudu pia.

Kwa sampuli ya maabara, pampu ivutwe kwa dakika kadhaa kwanza; chupa safi isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale; ijazwe, ifungwe, iandikwe jina la kisima, tarehe na saa, iwekwe mahali pa baridi na giza, na ifikishwe maabara ndani ya siku moja. Chupa ikikaa siku nyingi kwenye joto, vijidudu vilivyomo huweza kuibadilisha naitreti na majibu yasiwe ya kisima tena.

Namba ikishajulikana

Ikiwa naitreti ni chini ya 25 kwa NO₃, kisima kiendelee kutumika, na kipimwe kila mwaka. Ikiwa ni kati ya 25 na 45, kipimwe katika misimu yote miwili, na chanzo cha uchafu kitafutwe kabla hakijazidi. Kwa mtoto mchanga asiyenyonya, ni busara kutumia maji mengine tangu hatua hii.

Ikiwa imevuka 45, maji hayo asipewe mtoto aliye chini ya miezi 6, wala yasichanganywe na maziwa au uji wake. Mama mjamzito naye, kwa tahadhari, atumie maji mengine ya kunywa. Matokeo yathibitishwe na maabara, na wanaotumia kisima hicho wajulishwe wote. Kuoga, kufua na kuosha vyombo kwa maji hayo hakuna madhara ya naitreti.

Maji mbadala ya mtoto huweza kuwa maji ya bomba yaliyopimwa, au maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi baada ya kuachia mvua ya mwanzo isafishe paa. Maji ya mvua huwa na naitreti kidogo sana, lakini huweza kuwa na vijidudu. Kwa hiyo yachemshwe. Kiasi cha lita chache kwa siku kinamtosha mtoto mmoja, na kaya inaweza kuyatunza katika chombo chake chenye mfuniko.

Tunasisitiza jambo moja. Naitreti iliyozidi si sababu ya familia nzima kukiacha kisima na kwenda kuteka maji ya mto au dimbwi. Vijidudu vya maji ya wazi huua watoto wengi zaidi, na kwa haraka zaidi, kuliko naitreti. Vivyo hivyo, namba ndogo ya naitreti si hati ya usalama: kihisi hakioni bakteria, wala hakioni floridi. Maji yenye naitreti kidogo bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa.

Kwa muda mrefu, tiba ni kukilinda kisima. Choo kipya kichimbwe upande wa chini wa mteremko, na umbali usiopungua mita 30. Zizi lihamishwe mbali. Mbolea itolewe kwa awamu kulingana na mahitaji ya mmea, badala ya kumwagwa yote kwa mara moja kabla ya mvua kubwa.

Mtumiaji wa maji ya bomba mjini aulize majibu ya vipimo kwa mamlaka ya maji inayomhudumia. Anayetumia mradi wa kijiji aanze na chombo cha watumia maji cha kijiji chake, kisha ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Mwenye kisima chake mwenyewe anaweza kuuliza katika ofisi hizo utaratibu wa kupeleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Aende na chupa yake, tarehe aliyoteka, na namba aliyoonyeshwa na kihisi pamoja na alama yake. Karatasi ya majibu aitunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, ili mhudumu wa afya aione siku atakapoihitaji.